Rangi mara tatu na ukuta bado unamenyuka: nianzie wapi?

"Shikamoo fundi. Nyumba yetu ina miaka sita. Katika chumba cha kulala cha mbele, ukuta unamenyuka rangi kuanzia sakafuni hadi usawa wa goti, na unatoa unga mweupe kama chumvi. Tumeshapaka mara tatu. Mara ya mwisho tulitumia ile rangi nzito ya kuzuia maji, ikatoka mapovu baada ya miezi michache. Chumba hicho hicho, nyuma ya kabati, kuna madoa meusi yanayonuka. Na kwenye ukuta wa korido unaopakana na bafu kuna doa la kahawia ambalo halikauki hata kiangazi. Haya yote yameanza kama mwaka mmoja na nusu uliopita, baada ya kutengeneza ua na kupanga tofali mbele ya nyumba. Fundi mmoja anasema msingi haukuwekewa nailoni, kwa hiyo tubomoe plasta yote ndani na nje. Mwingine anasema tununue rangi bora zaidi. Ninunue rangi gani?"

Marahaba, mwanangu. Rangi weka kando kwanza, nitaifikia mwishoni. Na nyundo nayo iweke kando. Mafundi wako wawili wamekosea mahali pamoja: kila mmoja ameangalia nyumba nzima akaona tatizo moja. Mimi nikisoma barua yako naona maji ya namna tatu yaliyokutana chini ya paa moja. Dawa ya moja haisaidii nyingine, na mahali pengine inaidhuru.

Nianze na ule ukuta wa chini, maana ndipo ulipopoteza fedha nyingi.

Tofali na plasta vina vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Ukuta uliokanyaga ardhi yenye maji huyanyonya kama utambi wa taa unavyonyonya mafuta. Maji hayo hayaji peke yake. Yanabeba chumvi za udongoni na zile zilizokuwemo kwenye mchanga na saruji. Yakifika usoni mwa ukuta hugeuka mvuke na kuondoka, chumvi hubaki. Siku baada ya siku chumvi hujikusanya nyuma ya rangi, inaganda vipande vipande kama fuwele, na fuwele zinapokua zinasukuma. Hicho ndicho kilichobandua rangi yako mara tatu. Rangi ya bei ndogo ingebanduka, na rangi ya bei kubwa imebanduka pia, kwa sababu zote zilipakwa juu ya kitu kinachosukuma kutoka nyuma.

Rangi nzito ya kuzuia maji ina ubaya wa ziada. Maji yakizibiwa njia ya kutokea hayarudi chini. Yanaendelea kupanda mpaka yapate upenyo. Kama uliipaka hadi usawa wa goti, usishangae ukiona unga mweupe usawa wa kiuno. Ila maji ya kupanda namna hii yana kikomo: ni nadra kuvuka mita moja au moja na nusu, kwa sababu kadiri yanavyopanda ndivyo ukuta unavyopata nafasi kubwa zaidi ya kuyapoteza hewani. Mtu akikuonyesha doa karibu na dari akakwambia limetoka kwenye msingi, mshukuru na umsindikize mlangoni.

Je, ni kweli msingi wako haukuwekewa nailoni, ile ya kuzuia maji ya ardhini yasipande ukutani? Inawezekana, mafundi wengine huiruka. Lakini tazama ulichoandika mwenyewe: nyumba ina miaka sita, na shida ina mwaka mmoja na nusu. Msingi usio na kizuizi haungoji miaka minne na nusu ndipo uanze kunyonya. Ungeanza kukusumbua misimu ya mwanzo tu. Kilichobadilika ni ua. Mlipopanga zile tofali, kwanza mlimwaga kifusi na mchanga, na kimo cha nje kikapanda. Nailoni au lami ya kwenye msingi hulazwa karibu na usawa wa sakafu ya ndani, na ardhi ya nje inatakiwa iwe chini yake kwa angalau sentimita 15. Ardhi ikipanda ikaipita, maji yanaingia ukutani juu ya kizuizi, na kizuizi kinabaki huko chini kikiwa kizima na bila kazi. Plasta ya nje iliyoshushwa hadi ardhini nayo hufanya vivyo hivyo: inakuwa daraja. Bustani ya maua iliyoegemezwa ukutani pia.

Kwa hiyo chukua futi. Pima kutoka kizingiti cha dirisha hadi sakafu ya ndani, kisha kutoka kizingiti hicho hicho, upande wa nje, hadi kwenye tofali za ua. Ukiona nje na ndani karibu viko sawa, au nje kuko juu, umeshampata mwizi wako.

Tiba yake ni ya sepetu. Ng'oa tofali za ua zinazogusa ukuta, upana wa sentimita 30 hivi, urefu wote wa ukuta huo. Chimba ushuke mpaka upate zile sentimita 15 chini ya usawa wa sakafu, na zaidi kidogo kama hakuna kinachozuia, lakini usichimbe ukapita chini ya msingi wenyewe. Kata plasta ya nje isiguse udongo. Jaza kokoto safi zisizo na vumbi, ili maji yashuke badala ya kukaa. Tofali zilizobaki zipangwe upya kama zinainamia nyumba. Kila mita moja kutoka ukutani ishuke walau sentimita 2. Angalia pia maji ya paa yanapoangukia. Pasipo mfereji wa mvua kwenye paa, kila tone linaloanguka juu ya tofali ngumu linaruka na kuupiga ukuta, na unyevu wa namna hiyo hufanana sana na wa kupanda.

Sasa upande wa ndani, na hapa ndipo subira za watu huishia. Plasta iliyojaa chumvi haitibiki. Chumvi ya kawaida huanza kuyeyuka yenyewe hewa ikifika unyevu wa asilimia 75, na nyingine za ardhini huanza kabla ya hapo. Maana yake ni kwamba hata ukikata maji ya nje kabisa, plasta hiyo itaendelea kunyonya mvuke wa chumbani na kuonekana imelowa kila siku ya mawingu. Itolewe mpaka tofali lionekane, kuanzia sakafuni hadi sentimita 30 juu ya alama ya mwisho ya unyevu. Hapo tu. Nyumba nzima ndani na nje ya nini? Unga mweupe unaotokea kwenye tofali usiuoshe kwa maji, unairudisha chumvi ndani. Upigwe brashi kavu, uzolewe, utupwe nje, na urudie kila unapotokea.

Kisha ngoja. Kanuni ya zamani ya wajenzi ni mwezi mmoja kwa kila milimita 25 za unene wa ukuta. Tofali la milimita 150 linaomba kama miezi sita. Najua unaishi humo, na ukuta uliochunwa haupendezi. Sukuma kitanda, funika kwa pazia lisilogusa ukuta, fungua madirisha. Anayekuahidi kupiga plasta mpya wiki ijayo anakuuzia kazi ya nne. Plasta mpya ikifika, iwe na chokaa ndani yake isiwe saruji tupu, na isiguse sakafu: acha mwanya wa sentimita mbili na nusu chini, ubao wa pembeni utauficha.

Ukishusha ua, ukapita msimu mzima wa mvua na ukuta bado unanyonya, basi fundi wako wa kwanza alikuwa na hoja, na tutazungumzia kizuizi cha kudunga: matundu ya milimita 12 yanatobolewa kwenye mstari wa udongo wa saruji unaounganisha tofali, umbali wa kama sentimita 12 kati ya tundu na tundu, na kujazwa dawa nzito inayofukuza maji. Inafanya kazi ikiwekwa vizuri kwenye ukuta uliojaa. Kwenye tofali zenye matundu makubwa ndani, dawa humwagikia kwenye uwazi ikapotea. Usianze nayo.

Neno moja kuhusu kile kifaa chenye meno mawili ambacho watu hukichomeka ukutani kikalia. Hakipimi maji. Kinapima jinsi umeme unavyopita, na chumvi inapitisha umeme vizuri sana. Kwenye ukuta kama wako kitalia hata siku ukiwa umekauka. Kinafaa kulinganisha sehemu na sehemu, hakifai kuuzia mtu matengenezo.

Haya, twende nyuma ya kabati. Hapo hakuna maji yaliyopanda wala kupenya. Hayo ni jasho la ukuta.

Hewa ina uwezo wake wa kubeba mvuke, na uwezo huo hupungua inapopoa. Hewa ya nyuzi 30 huweza kubeba kama gramu 30 za maji kwa kila mita ya ujazo. Ikipoa hadi nyuzi 20 haiwezi kubeba zaidi ya 17 hivi. Zile 13 zinazozidi lazima zishukie mahali, na zinashukia penye ubaridi. Chumba cha mita 4 kwa 3 chenye kimo cha mita 2 na nusu kina mita 30 za ujazo. Fanya hesabu mwenyewe, ni karibu gramu 400, glasi moja na nusu ya maji. Kabati lililobanwa ukutani linazuia hewa kuzunguka na linazuia joto la chumba kufika pale nyuma, hivyo kipande kile cha ukuta kinabaki baridi kuliko vingine. Wala si lazima uone matone. Ukungu unaotosheka na unyevu wa asilimia 80 hivi kwenye uso wa ukuta kwa siku kadhaa mfululizo utaota bila tone hata moja kuonekana.

Utaniuliza, nitajuaje si yale maji ya chini yaliyotambaa? Kwa dalili tatu. Ukungu mweusi ni nadra kuota penye chumvi nyingi. Penye unga mweupe humwoni, naye anapokaa unga huuoni. Pili, jasho halina mstari wa mwisho kama ule wa goti, linapenda pembe, nyuma ya samani na juu ya madirisha. Tatu ni jaribio la nailoni, na hili nataka ulifanye hata kama una hakika. Kata kipande cha nailoni cha sentimita 40 kwa 40, kikaushe pamoja na ukuta kwa kitambaa, kibandike kwa utepe pande zote nne pasibaki upenyo, ukiache siku mbili. Unyevu ukitokea juu ya nailoni, upande wa chumbani, ni jasho. Ukitokea chini yake, kati ya nailoni na ukuta, maji yanatoka ndani ya ukuta. Bandika kimoja nyuma ya kabati na kingine kule chini, usawa wa goti. Ninatarajia vikupe majibu mawili tofauti.

Tiba ya jasho ni hewa na mazoea. Kabati lisogee sentimita 10 kutoka ukutani, au likae kwenye ukuta wa kati ambao upande wa pili wake ni chumba. Nguo mbichi zisianikwe chumbani. Kamba moja iliyojaa inaweza kumwaga lita kadhaa za maji hewani. Anayeoga afunge mlango wa ndani na afungue dirisha la bafu, siyo kinyume chake kama wengi wafanyavyo. Asubuhi fungua madirisha mawili yanayotazamana kwa dakika kumi, hiyo inashinda dirisha moja lililoachwa wazi kidogo kutwa. Kama mnatumia kiyoyozi, msikigandamize kwenye baridi kali huku mlango unafunguliwa kila saa: hewa ya nje yenye joto na mvuke inaingia na kutua kwenye ukuta uliopozwa.

Madoa yenyewe usiyakwangue makavu, utavuta vumbi la ukungu kifuani. Funika pua na mdomo, loanisha, futa kwa maji ya sabuni, kisha dawa ya klorini ya kufulia iliyozimuliwa, madirisha yakiwa wazi. Klorini usiichanganye na siki wala dawa nyingine yoyote ya kusafishia. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu. Kitambaa ulichofutia kitupe.

Sasa lile doa la korido, ambalo umeliandika mwisho na mimi ningelishughulikia kwanza. Unyevu usiojali kiangazi haungoji mvua. Unalishwa na mtu aliye ndani ya nyumba.

Miaka mingi iliyopita niliitwa kwenye nyumba yenye doa kama hilo. Lilikuwa chini, nikasema ni msingi, nikachuna ukuta mzima kwa kujiamini. Siku ya tatu nyundo ilifunua bomba lenye tundu la sindano, likirusha maji kama uzi. Lilikuwa linavuja muda wote huo huku mimi nimesimama nalo nikielezea habari za chumvi. Tangu hapo simgusi mtu ukuta kabla sijasoma mita yake ya maji.

Usiku, wote wakiwa wamelala na koki zote zimefungwa, andika namba ya mita, hadi tarakimu ya mwisho. Alfajiri kabla yeyote hajafungua maji, isome tena. Imesogea? Bomba lenye mgandamizo linavuja, mwite fundi bomba. Hakikisha tu kwamba tangi halikuwa linajaa usiku huo na choo hakitiririki kimyakimya. Tia rangi kidogo ya chakula kwenye tangi la choo, ikionekana bakulini bila kuvuta maji, mvujaji ni huyo.

Mita ikitulia, bado hujaponyoka. Bomba la maji machafu halipiti kwenye mita, wala sakafu ya bafu iliyopasuka haipiti. Ziba tundu la sakafu, jaza maji kimo cha sentimita 3, weka alama ya kalamu na uache kwa muda wa saa nne bila mtu kuingia. Maji yakishuka, sakafu au kiungo chake na ukuta kinapitisha. Yasiposhuka, zibua yote kwa mpigo, kisha chunga doa siku moja au mbili: likiongezeka, tatizo ni bomba la kutolea. Lisipoongezeka, usioge humo siku tatu. Likififia, basi maji ya bomba la mvua la kuogea yanapenya kwenye mistari ya vigae. Kuziba mistari juu juu kwa gundi jeupe ni kazi ya miezi. Vigae vya sehemu ile ving'olewe, nyuma yake pawekwe kizuia maji, virudishwe.

Aina ya nne, ya mvua inayopenya ukutani au paani, sioni dalili zake kwako, ila wasomaji wengine watakuwa nayo, basi kwa ufupi: huja na mvua na kuondoka nayo, haichagui kimo, na mara nyingi iko chini ya kitu fulani, dirisha lisilo na mfereji mdogo chini ya kizingiti chake, msumari wa bati, mfereji uliojaa majani, ufa. Methali ya ufa na ukuta kila mtu anaijua, lakini haisemi uzibe upande gani. Ukiziba ndani umeyafungia maji humo humo. Ukitaka kujua yanapoingilia, pigia ukuta maji kwa mpira siku kavu, ukianza chini na kupanda polepole, dakika kumi au kumi na tano kila sehemu, mwenzako akiwa ndani anaangalia. Ukianzia juu yatatiririka na kukudanganya. Na penye zege la dari lenye doa la kutu, usikawie: nondo ikishika kutu huvimba na kulipasua zege, hapo unahitaji mhandisi.

Kwa wenye nyumba mpya, msiogope haraka. Mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 huchanganywa na maji kama lita 25, na saruji yenyewe hula karibu nusu tu. Yaliyobaki lazima yatoke kupitia kuta zenu.

Mpango wako basi ni huu. Usiku wa leo soma mita. Kesho bandika nailoni zako mbili na usogeze kabati. Wikiendi pima kimo cha ua. Vyote hivyo havihitaji fundi. Bafu litengenezwe likijulikana, ua ushushwe kabla mvua hazijaanza, na plasta ya goti ichunwe baada ya ua, siyo kabla.

Na rangi? Nyuma ya kabati na korido, ukuta ukishakauka, rangi yoyote nzuri ya maji isiyong'aa inatosha. Kule chini, baada ya miezi yake, bandika nailoni tena kwa siku mbili. Ikitoka kavu pande zote, paka chokaa, au rangi ya madini inayoruhusu ukuta kupumua. Ya mafuta hapana. Na kile kibati cha rangi nzito kilichobaki stoo, kitakufaa kwenye tangi la maji.